Kuunganisha Chapeo ya Mchezo na Kuikalisha Kichwani

Watu wengi waangaliao mchezo wa kuigiza hudhani kwamba kazi yote ni ya wale wasemao maneno jukwaani. Hawamkumbuki aliyeshona majoho, wala aliyechonga panga za mbao, wala aliyetengeneza chapeo. Wala hawana kosa, maana kazi ya mafundi hao ikiwa njema haionekani. Mtazamaji humwona askari tu, basi. Lakini chapeo moja ikimshukia askari machoni wakati anapotakiwa kufa, bwalo zima litacheka, na msiba uliotayarishwa kwa muhula mzima utageuka kichekesho.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa nieleze katika gazeti letu namna ya kutengeneza chapeo za askari wa Kirumi, kama zinazotakiwa katika mchezo wa Juliasi Kaizari. Sisi wa Kidato cha Nne tu karibu kuondoka, na ruwaza zetu za kadibodi zimefungwa kwa kamba katika stoo. Kila fungu lina vipande vya chapeo moja. Lakini ruwaza bila maelezo ni kama ufunguo usiojulikana mlango wake. Wadogo zetu wakizifungua mwakani bila kujua kipande kipi hutangulia, watazitumia kuwashia moto jikoni.

Kwanza yapasa tujue tunatengeneza chapeo gani. Mchezo wenyewe uliandikwa na William Shakespeare, nao ulichezwa London mwaka 1599. Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1963. Kisha akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969. Kaizari aliuawa mjini Roma tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, na vita vya Filipi vilivyowamaliza Brutus na Cassius vilipiganwa mwaka 42 kabla ya Kristo. Sehemu tatu za kwanza za mchezo hutokea mjini, mahali ambapo watu huvaa majoho. Chapeo huhitajika hasa katika sehemu ya nne na ya tano, kambini na vitani.

Chapeo ichorwayo katika picha nyingi, yenye kinga pana sana nyuma ya shingo na ukingo mnene juu ya paji la uso, ni ya miaka ya baadaye kuliko Kaizari. Askari wa zama zake walivaa chapeo nyepesi zaidi. Ilikuwa kama bakuli lililofunikwa kichwani, aghalabu la shaba nyeusi, lenye kinga ndogo kisogoni na kinga mbili za mashavu zilizoning'inia kwa bawaba. Juu yake paliwekwa shungi la singa za farasi au manyoya ya ndege. Mgiriki mmoja, jina lake Polybius, aliyeandika habari za Warumi katika karne ya pili kabla ya Kristo, asema kwamba askari walichomeka manyoya matatu yaliyosimama, mekundu ya zambarau au meusi, urefu wake kama dhiraa moja, ili mtu aonekane mrefu na adui amwogope. Akida, yaani mkuu wa kikosi, alijulikana kwa shungi lililokatiza kutoka sikio hadi sikio badala ya kwenda kutoka mbele hadi nyuma. Hayo yatufaa sana sisi, kwani kwa kugeuza shungi tu mtazamaji aliye nyuma kabisa humtambua mkubwa na mdogo.

Vipande vya chapeo moja ni hivi: ukanda mmoja wa kichwa, majani sita ya kufanyia bakuli la juu, kinga moja ya kisogo yenye umbo la mwezi mchanga, kinga mbili za mashavu, kishikio cha shungi, na bitana ya ndani. Vyote hutoka katika maboksi matupu ya sabuni na mafuta ya kula ambayo wenye maduka huyatupa. Vitu vya kununua ni vichache: gundi ya mbao, rangi, selotepu ya karatasi na unga wa ngano kidogo. Magazeti ya zamani, godoro bovu la sifongo, kitambaa cha turubai na nyuzi za katani hupatikana bila fedha kwa mtu asiyeona haya kuomba.

Sasa nitaje jambo lililo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Chapeo haitengenezwi kwa gundi. Hutengenezwa kwa kujaribu. Kila kipande lazima kishikizwe kwanza kwa selotepu au kwa pini, kisha kivikwe kichwani kwa yule yule atakayekivaa, ndipo gundi ije. Gundi ikishakauka haisikii ombi. Waliosoma habari za Daudi na Goliathi katika Biblia watakumbuka kwamba mfalme Sauli alimvika Daudi chapeo ya shaba na mavazi yake ya vita, naye Daudi akavivua kwa kuwa hakuwa amevijaribu. Vilikuwa vitu vya mfalme, tena vya thamani, lakini havikumkaa. Basi akaenda na kombeo lake.

KUPIMA KICHWA. Chukua kamba ya kupimia ya fundi cherehani, au uzi na rula. Zungusha kichwa kwa kupita vidole viwili juu ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma mahali panapotokeza zaidi. Usikaze. Ukimpima mwenye nywele nyingi, mwulize kama atanyoa kabla ya siku ya mchezo, maana jambo hilo hubadili kipimo.

Tuseme umepata sentimita 56. Usikate ukanda wa sentimita 56, kwa sababu ndani itakaa bitana. Hapa hesabu zetu za darasani zatusaidia. Tukiongeza unene wowote kuzunguka duara, mzunguko huongezeka kwa unene huo mara mbili, mara pai. Sifongo ikibanwa na kichwa ikabaki na unene wa milimita 6, basi mzunguko utaongezeka kwa 2 × 3.14 × 0.6, yaani sentimita 3.8. Tuseme 4. Ajabu ni kwamba nyongeza hii haitegemei ukubwa wa kichwa. Mwenye kichwa kikubwa na mwenye kichwa kidogo wote huongezewa 4. Kwa hiyo mzunguko wa chapeo yetu utakuwa sentimita 60. Ongeza 3 za kupandanisha, ukate ukanda wa sentimita 63 kwa urefu na 4 kwa upana. Mahali pa kupandana pawe kisogoni, ambapo kinga itapaficha.

KUKATA MAJANI. Bakuli la juu ni nusu ya mpira, nayo kadibodi haikubali kukunjwa kuwa mpira. Lakini tazama mwavuli: vitambaa vyake ni bapa, kila kimoja chembamba juu na kipana chini, navyo vikiunganishwa hufanya kuba. Sisi twatumia vipande sita. Mzunguko ni 60, basi kila jani lina upana wa 60 ÷ 6, yaani sentimita 10, upande wa chini. Kutoka ukingo wa nusu ya mpira mpaka utosini ni robo ya mzunguko, kwa hiyo urefu wa jani ni 60 ÷ 4, yaani sentimita 15.

Kosa la wengi ni kuchora pembetatu. Pembetatu zikiunganishwa hufanya pia, kama kofia ya mganga wa vichekesho. Kingo za jani lazima zitokeze kidogo nje, na kiasi cha kutokeza hupatikana kwa kosaini. Chini upana ni 10. Ukipanda sentimita 5, umepanda nyuzi 30, na upana ni 10 × kosaini ya 30, yaani 8.7. Ukipanda 7.5, ni nyuzi 45, na upana ni 7.1. Ukipanda 10, ni nyuzi 60, na upana ni 5 barabara. Ukifika 15 upana umekwisha. Weka alama hizo kila upande wa mstari wa katikati, kisha uziunganishe kwa mkono mwepesi. Chini ya jani acha ulimi wa sentimita 2 wa kubandikia ndani ya ukanda. Nawajua wanafunzi wenzangu wanaouliza kosaini ina kazi gani duniani. Kazi yake mojawapo ni hii.

Jambo jingine la kuangalia ni mifereji ya kadibodi. Kadibodi ya boksi ina mifereji midogo ndani, nayo hukunjika kwa urahisi kuifuata mifereji hiyo, na huvunjika vibaya ikikunjwa kinyume. Kwa hiyo kata ukanda na majani ili mifereji ikatize upana wa kipande, isiende kwa urefu wake. Kabla ya kuunga, vuta kila kipande juu ya ukingo wa meza mara tano au sita mpaka kilegee na kuanza kujikunja chenyewe.

KUUNGANISHA. Funga ukanda kwa selotepu na umvike mwenyewe. Uzunguke kichwa bila kubana, huku nafasi ya bitana ikionekana. Kichwa cha mtu si duara kama sahani. Ni kirefu kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo ubonyeze ukanda kidogo pande zote mbili mpaka ufuate umbo hilo. Ndipo upachike majani mawili yanayokabiliana, moja mbele na moja nyuma, ukiziingiza ndimi zao ndani ya ukanda na kuvikutanisha vichwa vyao utosini. Hayo mawili yakisimama sawa, mengine manne hujua njia. Wale waanzao na jani moja na kuzunguka mpaka mwisho huona la sita halitoshei, kwa kuwa kosa dogo la kila jani limejilimbikiza hapo.

Yashikize yote kwa selotepu tu, uivike tena. Je, utosi wa mvaaji unagusa kadibodi? Usiguse. Kuba ina kina cha sentimita 9 na nusu, ukanda umeongeza 4, hivyo jumla ni 13 na nusu. Kichwa kinatakiwa kiache uwazi wa vidole viwili juu. Je, ukingo wa mbele umesimama juu ya nyusi? Mwambie aangalie juu bila kuinua uso. Akiuona ukingo, u chini mno. Baada ya kuridhika ndipo upake gundi ya mbao ndimi zote na ubane kwa vibanio vya kuanikia nguo mpaka asubuhi.

Kisha huja karatasi. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, ukoroge kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, umimine katika vikombe vitano vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka uji uwe mwepesi na wa kunata. Ukipoa, changanya gundi ya mbao kidogo. Magazeti yachanwe kwa mkono katika vipande vya upana wa vidole viwili. Yasikatwe kwa mkasi, maana ukingo uliochanwa hulala na kupotea, bali uliokatwa hubaki na mstari. Bandika tabaka nne nje na mbili ndani, kila tabaka likikatiza lile la chini yake. Tabaka mbili kwa siku zatosha. Anayebandika zote jioni moja huamka na chapeo laini yenye kuvu. Ianike kivulini penye upepo, juu ya sufuria au bakuli lenye ukubwa unaolingana, kwa sababu karatasi ikikauka hujikaza na kuvuta, na chapeo isiyo na kitu cha kuishikilia hupinda.

KINGA YA KISOGO NA ZA MASHAVU. Kinga ya kisogo hukatwa kama mwezi mchanga wenye upana wa sentimita 5 katikati, ikaisha nyuma ya kila sikio. Ukingo wake wa ndani hukatwa meno ya sentimita 1 na nusu, yakakunjwa na kubandikwa ndani ya ukanda. Mvaaji aangalie juu kabla gundi haijashika. Kinga ikigonga mabega, chapeo yote itasukumwa mbele na kumfunika macho. Ipunguze upana au uiinamishe zaidi nje.

Kinga za mashavu ndizo zinazohitaji subira nyingi. Zina urefu wa sentimita 13 hivi, pana juu na nyembamba chini, nazo ukingo wa mbele una mabonde mawili, moja la jicho na moja la pembe ya mdomo. Usizibandike kwa gundi na ukanda. Shona kipande cha turubai kama bawaba, nusu ndani ya ukanda na nusu nyuma ya kinga, ili kinga icheze. Mdomo ukifunguka taya hushuka, na kinga isiyocheza hukataza mtu kusema. Tena ziweke mbele ya masikio, wala si juu yake. Mchezaji asiyesikia mwenziwe amemaliza kusema hajui lini aanze yeye, hata awe amekariri maneno yote.

Kuhusu masikio na macho nina habari ya kusimulia. Katika sinema ya Star Wars ya mwaka 1977 kuna askari wenye chapeo nyeupe zinazofunika kichwa chote. Zilitengenezwa Uingereza kwa bamba jembamba la plastiki lililopashwa moto na kuvutwa juu ya kalibu. Uso ulikuwa kipande kimoja na nyuma kipande kingine, na mahali vilipokutana, penye masikio, palifunikwa kwa vipande vidogo vya kuficha maungio. Leo wako watu wengi huko Ulaya na Marekani wanaonunua vipande vya namna hiyo vikiwa havijaungwa, wakavikata na kuvikalisha wenyewe nyumbani, nao husumbuka pale pale tunaposumbuka sisi, yaani penye masikio na macho. Katika sinema hiyo hiyo mmoja wa askari anapoingia chumbani anagonga kichwa chake juu ya mlango, na kipande hicho kilibaki katika sinema mpaka leo. Ikiwa watu wenye kamera na mafundi wa kulipwa waliweza kupatwa na hayo, sisi wenye maboksi ya sabuni tuna haki ya kujihadhari.

BITANA. Kata sifongo ya unene wa sentimita 1, upana wa 3, uifunge katika kitambaa cha pamba na kuizungusha ndani ya ukanda. Kisha katiza kanda mbili za kitambaa chini ya kuba, kama ilivyo ndani ya kofia za mafundi wa ujenzi, ili chapeo ikalie kanda hizo na hewa ipite juu ya nywele. Toboa matundu madogo manne karibu na utosi, mahali shungi litakapoyaficha. Bwalo likijaa watu na taa zikiwaka, mvaaji atayashukuru matundu hayo.

Bitana isibandikwe. Ifungwe kwa kamba nne ndogo ili ifunguliwe na kufuliwa. Sisi tulalao bweni twajua mapunye yanavyopita kutoka kichwa hadi kichwa kwa kofia na vitana vya kuazimana. Kila mchezaji awe na bitana yake, na chapeo ikihamia kwa mwingine, bitana ibadilishwe. Hili si jambo la uzuri. Ni la afya, nami naliomba lifuatwe kuliko yote mengine.

SHUNGI NA RANGI. Singa za farasi hatuna, lakini katani tunayo. Loweka nyuzi katika maji ya moto yenye rangi nyekundu ya unga, ile watumiayo wasusi wa mikeka, uzianike, uzipange katikati ya vipande viwili vya kadibodi vyenye urefu wa sentimita 20, ushone, kisha uzipunguze kwa mkasi zibaki sentimita 6. Shungi refu lapendeza likiwa mkononi, lakini kichwani huvuta chapeo nyuma kila mtu anapotembea. Lifungwe kwa kamba mbili zipitazo katika matundu, ili liondolewe wakati wa kuhifadhi, au ligeuzwe askari anapopandishwa kuwa akida.

Rangi isiwe ya fedha, kwani tumeona kwamba chapeo za zama hizo aghalabu zilikuwa za shaba nyeusi. Paka nyeusi kwanza mahali pote. Ikikauka, chovya brashi katika rangi ya dhahabu iliyochanganywa na kahawia, uifute juu ya gazeti mpaka ibaki kavu karibu, upitishe juu juu. Mabonde yatabaki meusi na miinuko itang'aa, na kadibodi itaonekana kama chuma kilichopita vitani.

KUIJARIBU. Chapeo ikikamilika, mvaaji afanye mambo haya mbele ya fundi: asome ukurasa mzima kwa sauti, ainame kama anayeokota kitu, ageuke ghafla kulia na kushoto, akimbie hatua ishirini, asikilize mwenziwe akimnong'oneza kutoka hatua tano, kisha akae nayo robo saa bila kuigusa. Mahali atakapojikuna ndipo pa kurekebisha.

Jaribio la mwisho ni kuivua kwa mkono mmoja. Kamba za kidevuni zifungwe kwa fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Katika sehemu ya tano Cassius hufa, na Titinius humvika shada la ushindi kichwani. Shada haliwezi kuvikwa juu ya chapeo, basi Cassius hana budi kuivua kabla ya kufa, wala hawezi kukaa akihangaika na fundo huku Pindarus amesimama na upanga. Tukumbuke pia kwamba Cassius afa kwa sababu ya macho: yeye haoni mbali, amtuma Pindarus mlimani amtazamie, naye Pindarus aona vibaya, akadhani Titinius ametekwa, kumbe amezungukwa na rafiki zake. Katika onyesho hilo ni maneno ya mchezo yanayotakiwa kumpofusha Pindarus, si ukingo wa chapeo yake.

Neno moja la kuonya. Chapeo hii ni ya kuigiza tu. Haizuii pigo la upanga wa mbao, wala haizuii jiwe, wala mtu asithubutu kuipanda nayo pikipiki kwa mzaha. Vita vya jukwaani vifanyiwe mazoezi pole pole kwa hesabu, na pigo lolote lielekezwe kwenye ngao au upanga wa mwenzio, kamwe lisielekezwe kichwani.

KUZIHIFADHI. Mchezo ukiisha, toa bitana na shungi, ujaze magazeti makavu ndani ya kila chapeo, uitundike kwa waya kutoka kwenye kenchi za stoo. Usizirundike sakafuni, kwa maana uji wa unga ni chakula cha mende na panya, na chapeo ya chini huvunjwa na uzito wa zile za juu. Ndani ya ukanda andika kwa kalamu nambari mbili, ya kichwa na ya chapeo, mfano 56/60. Jina la mchezaji lisiandikwe, maana yeye ataondoka, lakini vipimo vitabaki.

Ruwaza zilizomo stoo ni za mizunguko mitatu: 58, 60 na 62. Atakayezifungua asichague kwa macho. Awaite wachezaji wake, achukue uzi, apime kila kichwa upya, kwa sababu vichwa vya mwakani si hivi vyetu. Kisha aanze na ukanda.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV